Kabla Hujaandika "Imefaulu": Mambo ya Kufanya na Kutofanya Unapotathmini Elimu ya Jinsia Katika Shule za Serikali Mjini

Mwaka 2017 kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi, kikishirikiana na Taasisi ya Guttmacher ya Marekani, kilitoa ripoti kuhusu elimu ya jinsia katika shule 78 za sekondari za Nairobi, Mombasa na Homa Bay. Walimu watatu katika kila wanne walisema wanafundisha mada zote zinazotakiwa. Wanafunzi 2,484 nao waliulizwa. Waliosema wamefundishwa mada zote walikuwa 2% tu. Shule zilezile, madarasa yaleyale.

Anayewauliza walimu peke yao anarudi ofisini na habari njema, na habari hiyo hupigwa muhuri ikawa ripoti. Anayewauliza watoto anarudi na habari nyingine kabisa. Kazi ya mtathmini iko katikati ya majibu hayo mawili. Tathmini ya elimu ya jinsia haipimi kilichoandikwa kwenye mpango wa mradi wala kilichosemwa na mwalimu. Inapima kilichomfikia mtoto na kukaa naye.

Nayaandika haya kwa mtathmini, kwa afisa elimu anayesaini barua za kuingia shuleni, kwa mwalimu mkuu anayepokea wageni wenye madodoso, na kwa mzazi anayetaka kujua mwanawe anafanyiwa nini. Nayaandika kwa ukali kwa sababu gharama ya kosa hapa hailipwi na mtathmini. Hulipwa na msichana wa Darasa la Sita anayesubiri daladala kituoni saa kumi na mbili jioni, na mtu mzima mwenye gari amesimama mbele yake kumpa lifti.

Kabla hujavuka geti la shule

1. Soma programu yenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Usiridhike na jina lake. Mwongozo wa kimataifa wa UNESCO, uliorekebishwa mwaka 2018, unagawa elimu hii katika maeneo manane: mahusiano, maadili, haki na utamaduni, kuelewa jinsia, ukatili na kujilinda, stadi za afya na ustawi, mwili na makuzi yake, ujinsia na tabia ya kujamiiana, na afya ya uzazi. Programu inayofundisha kubalehe na UKIMWI tu, ikajiita elimu kamili ya jinsia, imekosea jina. Andika hivyo mwanzoni mwa ripoti yako, maana kila utakachopima baadaye kitategemea hilo.

2. Tafuta ni ujumbe gani hasa mtoto alipewa. Mwaka 2004, magharibi mwa Kenya, mchumi Pascaline Dupas alifuatilia wasichana wa Darasa la Nane. Katika shule 71 kati ya 328 wanafunzi walipewa somo moja la dakika 40 lililowaonyesha kwa takwimu kwamba wanaume watu wazima wana maambukizi ya VVU kwa kiwango kikubwa kuliko vijana wa rika lao. Mimba za utotoni zilipungua kwa 28%. Katika uchunguzi huohuo, kuwapa walimu mafunzo ya mtaala wa kawaida uliosisitiza kusubiri hadi ndoa hakukupunguza mimba. Masomo yote mawili yangeandikwa "elimu ya UKIMWI" kwenye jedwali la wizara. Mtathmini anayehesabu vipindi bila kusikiliza kilichosemwa ndani yake hawezi kutofautisha somo lililomlinda mtoto na lile lililopita tu.

3. Pata vibali vyote, na ujue kila kimoja kinakuruhusu kufanya nini. Tanzania utapita COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na kamati ya maadili ya utafiti, kisha TAMISEMI (tawala za mikoa na serikali za mitaa), manispaa na kata. Kenya utapita NACOSTI, tume ya huko ya sayansi na teknolojia, pamoja na kamati ya maadili. Barua ya mkurugenzi wa manispaa inafungua geti la shule. Haikupi ruhusa ya kumuuliza mtoto wa miaka 13 kama amewahi kulazimishwa.

4. Usimwache mwenye mradi akuchagulie shule. Atakupeleka kwenye shule ya kando ya barabara kuu, yenye vyoo vipya na bango la wafadhili. Chukua orodha nzima ya shule za manispaa na uchague kwa bahati nasibu mbele ya mashahidi. Ukifika, ulizia zamu. Shule nyingi za mjini zina zamu ya asubuhi na ya mchana, na wageni huja asubuhi. Watoto wa zamu ya mchana, wanaorudi nyumbani giza likiingia, hubaki nje ya hesabu, nao ndio wenye hatari kubwa njiani.

5. Tembea mtaani kabla ya kuchagua shule za kulinganisha. Mjini, shule mbili za msingi zinaweza kukaa ndani ya uzio mmoja, zikatumia uwanja mmoja na bomba moja. Ukiweka programu kwenye moja na kuifanya ya pili kuwa ya kulinganisha, umepoteza fedha. Watoto wanakutana tuisheni, madrasa, kanisani na kwenye kiti cha nyuma cha bodaboda moja. Wanachojifunza asubuhi wanasimuliana jioni. Weka umbali wa kutosha kati ya shule, au ukubali mapema kwamba tofauti utakayoiona itakuwa ndogo kuliko ilivyo.

6. Pima kabla programu haijaanza. Asiyejua mtoto alikuwa wapi hawezi kusema amemfikisha wapi. Ukiitwa programu ikiwa imekwisha, sema wazi kwamba unachotoa ni picha ya siku moja. Usiruhusu picha hiyo ipewe jina la "matokeo".

Mbele ya mzazi

7. Weka kitabu mezani. Itisha kikao cha wazazi, fungua kurasa zile ambazo watu huzionea haya, na uzisome kwa sauti. Mzazi aliyeona kwa macho yake huuliza maswali. Aliyesikia kwa jirani hukasirika, na mradi mzuri unaweza kusimamishwa kwa hasira hiyo.

8. Usiite jambo kwa jina la uongo ili lipite. Ukimwambia mzazi kwamba unapima "usafi wa mwili" na dodoso lako linauliza kuhusu kondomu, umemdanganya, na siku atakapojua atakuwa na haki ya kuifukuza timu yako na kila itakayokuja baadaye. Kuna tofauti kati ya staha na hila. Staha huchagua maneno, hila huficha jambo.

9. Usidhani mambo haya yameletwa na ndege. Pwani yetu ilikuwa na kungwi na somo, wanawake waliowafunda wasichana waliovunja ungo, kabla ya wizara yoyote ya elimu. Mwari alikaa ndani, akafundishwa mwili wake, hedhi, usafi na maisha ya ndoa, na somo wake alibaki mtu wa kumwendea maisha yake yote. Si kila kilichofundishwa ndani kilikuwa chema. Yapo mafunzo yaliyomwandaa mtoto kwa ndoa akiwa bado mtoto. Lakini mpango ule ulijua jambo ambalo miradi mingi ya leo hailijui: kwamba mafundisho haya yanahitaji mtu mzima mwenye jina, anayefahamika, ambaye mtoto anaweza kumrudia. Waulize wazazi nani anafanya kazi hiyo sasa kwenye nyumba za kupanga za Mbagala au Manzese, Dar es Salaam, au Kawangware, Nairobi, ambako bibi yuko kijijini na mama anatoka alfajiri kwenda sokoni. Jibu lao ni sehemu ya tathmini yako.

10. Chukua ridhaa mbili: ya mzazi na ya mtoto mwenyewe. Karatasi iliyopotea kwenye begi si ridhaa, na ukimya wa mzazi nao si ridhaa. Mtoto ambaye mzazi wake amekubali bado ana haki ya kusema "sitaki". Akisema hivyo, mwache arudi darasani bila kuulizwa sababu na bila mwenzake yeyote kujua.

Ndani ya darasa

11. Mtoe mwalimu nje. Nakumbuka siku tulipofika shule moja ya msingi na kukuta mwalimu wa nidhamu amesimama nyuma ya darasa, fimbo mkononi, "kuwasaidia watoto watulie". Nilikuwa mgeni kazini, nikanyamaza. Madodoso yote ya darasa lile yalirudi na majibu yaliyofanana, safi, ya watoto waliojua wanatakiwa kusema nini. Niliyaondoa yote kwenye hesabu. Watoto wale walipoteza kipindi chao cha Hisabati bure kwa sababu sikufungua mdomo. Usinyamaze wewe. Sema mapema, kwa heshima, kwamba mtu mwenye mamlaka juu ya mtoto hakai chumbani wakati mtoto anajibu, na kama haiwezekani, ahirisha.

12. Usitumie Kiswahili cha warsha. Ukimuuliza msichana wa miaka 14 kama amewahi kufanya "tendo la ndoa", atajibu hapana, na atakuwa amesema kweli: hajaolewa. Ukimuuliza mvulana kama alitumia "kinga", anaweza kuwa anawaza kondomu, sindano, vidonge au dawa aliyopewa na rafiki. Ukiuliza kuhusu "mpenzi", mtu mzima anayemnunulia chipsi na vocha hatamwingia akilini, kwa sababu kwake huyo si mpenzi, ni "anko". Kaa kwanza na watoto wa mtaa huohuo, sikiliza maneno yao, na Nairobi sikiliza na Sheng yao. Kisha andika maswali yenye maneno ya wazi yasiyo matusi, uyajaribu, na uyaandike upya.

13. Usiulize kwa kukanusha. Mswahili akiulizwa "Hujawahi kulazimishwa?" anaweza kujibu "Ndiyo", maana yake "ndiyo, sijawahi". Mwingine atajibu "Ndiyo" akimaanisha yamemkuta. Wakati wa kuhesabu, wote wawili wanaingia kisanduku kimoja. Madodoso yaliyotafsiriwa harakaharaka kutoka Kiingereza yamejaa maswali ya namna hii. Yachome mapema, uandike mapya kwa Kiswahili tangu mwanzo.

14. Usiliamini dodoso peke yake. Mkoani Mwanza, watafiti wa mradi wa MEMA kwa Vijana walilinganisha majibu ya vijana kwa njia tano tofauti. Miongoni mwa vijana ambao vipimo vya maabara vilithibitisha kwamba wamewahi kujamiiana, kwa kuwa walikuwa na ujauzito au maambukizi ya zinaa, waliokiri kila walipoulizwa walikuwa 58% ya wavulana na 29% tu ya wasichana. Usiseme vijana ni waongo. Msichana anayejua kwamba jibu la kweli linaweza kumgharimu shule au kumletea kipigo anajilinda kwa njia pekee aliyonayo. Kwa hiyo weka njia zaidi ya moja: mazungumzo marefu ya ana kwa ana na mtu asiyemjua mwalimu wake, karatasi zisizo na jina, takwimu za kituo cha afya cha jirani, na macho yako mwenyewe.

15. Usipime mkojo au damu ya mtoto kwa sababu tu vifaa vimo kwenye bajeti. Kwa miaka mingi Tanzania msichana aliyeonekana ana mimba alifukuzwa shule. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ulifungua njia ya kurudi, lakini hofu haifutwi kwa waraka. Kama huna kamati ya maadili iliyokubali jambo hilo kwa maandishi, muuguzi wa kutoa majibu kwa siri, matibabu yanayosubiri na uhakika kwamba jibu halitafika ofisini kwa mwalimu mkuu, acha.

16. Fungua daftari za wanafunzi. Mwalimu anaweza kukuonyesha andalio la somo lililojazwa vizuri. Daftari la mtoto wa dawati la nyuma litakuonyesha kama kipindi kilikuwapo. Angalia tarehe. Angalia kinachotokea miezi ya mwisho kabla ya mtihani wa taifa, vipindi vya stadi za maisha vinapogeuzwa kuwa vya Hisabati na Kiingereza. Hesabu vipindi vilivyofundishwa, kisha uviweke kando ya vile vilivyopangwa. Pengo hilo peke yake linaweza kueleza kwa nini programu haikubadili kitu.

17. Ingia kwenye kitengo cha elimu maalumu. Watoto viziwi, wasioona na wenye ulemavu wa akili wanasoma humohumo ndani ya uzio wa shule, na wako kwenye hatari kubwa ya kudhulumiwa kwa sababu mdhalimu anategemea kwamba hawatasema. Kama dodoso lako halina mkalimani wa lugha ya alama wala nukta nundu, umeamua kutowasikiliza. Usiandike kwamba umepima shule nzima.

18. Weka sanduku la maswali lenye kufuli, na ufunguo ukae nawe. Watoto waandike vikaratasi bila majina kabla ya programu na baada yake. Soma jinsi maswali yanavyobadilika. Mtoto anayetoka kwenye kuuliza kama busu huleta mimba, akafika kuuliza aende wapi rafiki yake akibakwa, amejifunza jambo ambalo alama za mtihani haziwezi kulionyesha.

Mtoto anapokuambia

19. Jenga njia ya msaada kabla ya kuuliza swali la kwanza. Mtoto fulani atakuambia kwamba anaumizwa, ndani ya wiki ya kwanza. Uwe na jina na simu ya afisa ustawi wa jamii wa kata, Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi kilicho karibu, na hospitali inayopokea waliobakwa usiku na mchana. Simu ya bure ya kuwasaidia watoto, kwa Tanzania na kwa Kenya, ni 116. Piga mwenyewe kabla, uone kama inapokelewa. Aliyebakwa anatakiwa kuanza dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72. Mtathmini anayeanza kutafuta namba wakati huo amechelewa.

20. Usiahidi siri usiyoweza kuitunza. Mwambie mtoto mapema, kwa maneno mepesi: "Ukiniambia kwamba unaumizwa, itabidi nimwambie mtu wa kukusaidia." Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa serikali ya eneo lake. Usimwache mtoto agundue sharti hili baada ya kufungua moyo.

21. Usilipeleke jambo moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu. Anayetuhumiwa anaweza kuwa mwalimu mwenzake, au yeye mwenyewe. Fuata njia uliyoijenga nje ya shule, na usimwache mtoto peke yake hata siku moja kati ya hatua na hatua.

Mbele ya mwalimu

22. Uliza mwalimu amepewa nini. Siku ngapi za mafunzo? Kitabu anacho, au anafundisha kwa kukumbuka? Darasa lina watoto 45 au 120? Katika ripoti ya APHRC niliyoanza nayo, karibu walimu sita katika kila kumi walikuwa wakifundisha kwamba kondomu peke yake haifai kuzuia mimba. Hilo ni kosa la kitaalamu, lakini kabla ya kumlaumu mwalimu tafuta nani alimfundisha, na kama aliwahi kufundishwa.

23. Usimgeuze mwalimu kuwa mshtakiwa. Mwalimu wa kike kijana anayesimama mbele ya wavulana 60 wanaocheka na kutamka neno "hedhi" bila kuinama amefanya kazi kubwa. Mwulize wazazi walimwambia nini, kiongozi wa dini wa mtaa alimwambia nini, mwalimu mkuu alimtetea au la. Kama kila aliyejaribu alisutwa, programu haikushindwa darasani, ilishindwa kwenye kikao cha shule.

24. Usisahau kumwuliza mwanafunzi kuhusu mwalimu. Shule inayofundisha haki ya mwili asubuhi huku mwalimu mmoja akiomba ngono kwa alama mchana inajifuta yenyewe. Kama swali hilo halimo kwenye dodoso lako, umewalinda watu wazima.

Mbele ya hesabu

25. Usiite ujuzi kuwa tabia, wala tabia kuwa afya. MEMA kwa Vijana ilianza mwaka 1999 katika jamii 20 za vijijini mkoani Mwanza, lakini funzo lake linatuhusu wote. Wanafunzi wa Darasa la Tano hadi la Saba walifundishwa, vituo vya afya viliandaliwa, vijana walifuatwa hadi 2007 na 2008. Ujuzi uliongezeka, na baadhi ya ongezeko lilidumu miaka mingi. Maambukizi ya VVU hayakupungua. Kama watafiti wangeishia kwenye mtihani wa maswali ya kuchagua, tungeambiwa ushindi umepatikana.

26. Usiifanye programu iwajibike kwa umaskini wote wa mji. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2016 yalikusanya majaribio manane yenye washiriki 55,157, na hayakuona kwamba masomo ya shuleni peke yake yanapunguza VVU, magonjwa mengine ya zinaa au mimba. Magharibi mwa Kenya, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer waliwafuata wanafunzi kwa miaka saba: kuwapa sare za shule bure kulipunguza kuacha shule, ndoa za mapema na mimba, ilhali mtaala wa UKIMWI ukiwa peke yake haukupunguza mimba. Kwa hiyo uliza kilichokuwapo pembeni ya somo. Kliniki inafunguliwa saa ngapi, na muuguzi humpokea msichana wa sare au humsuta? Nauli ya daladala nani anaitoa? Taulo za kike zipo? Somo linalomwambia mtoto "kataa" bila kumpa nauli ya kurudi nyumbani limemwachia mzigo wote.

27. Wafuate walioondoka. Mjini watoto huhama kila kodi inapopanda. Ukipima waliobaki tu, umepima wenye bahati. Na usiliamini daftari la mahudhurio peke yake: aliyeacha shule kwa mimba anaweza kuandikwa "mtoro" au "amehama". Tenga fedha za kumtafuta nyumbani, kwa staha, bila kutaja mlangoni ulichokuja kuuliza.

28. Usichanganye wasichana na wavulana kwenye wastani mmoja, wala wa miaka 11 na wa miaka 16. Programu inaweza kuwasaidia wavulana na kuwaacha wasichana palepale, na wastani ukafunika yote mawili.

29. Usitafute namba nzuri baada ya kuona mbaya. Andika kabla ya kuanza utapima nini na utaita nini mafanikio, uikabidhi karatasi hiyo kwa mtu asiyelipwa na mradi. Ukipekua majedwali 40 hutakosa moja linalong'aa. Kulichagua hilo na kuyaficha mengine ni udanganyifu, hata kama kila tarakimu ni ya kweli.

Ripoti ikishaandikwa

30. Toa majibu mabaya kwa sauti ileile ya majibu mazuri. Watafiti wa Mwanza walichapisha kwamba VVU haikupungua, na ndiyo sababu leo tunajua zaidi. Mradi ulioshindwa ukafichwa utarudiwa katika mji mwingine, kwa watoto wengine, kwa fedha nyingine.

31. Rudi shuleni. Lete ukurasa mmoja wa Kiswahili, usome kwenye kikao cha wazazi, ukae na walimu, ukae na wanafunzi. Waliokupa saa zao na siri zao wana haki ya kusikia umepata nini kabla ya watu wa mikutano ya hotelini wenye vitambulisho shingoni.

32. Usitembee na siri za watoto kwenye simu yako. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ondoa majina, funga majalada, futa kinachotakiwa kufutwa. Usiandike jina la shule karibu na kisa ambacho mtaa mzima utakitambua. Usipige picha ya watoto ili kupamba jalada la ripoti ya namna hii. Mtoto atakuwa mtu mzima, na picha ile itabaki.

33. Mwisho, kabla ya kuweka saini, rudi kwenye majibu ya swali moja ambalo halipaswi kukosekana kwenye dodoso lolote la kazi hii: "Mtu akikugusa vibaya leo, utamwambia nani?" Weka nafasi tupu, mtoto aandike mwenyewe. Kisha hesabu wangapi waliandika jina la mtu, na wangapi waliandika "sijui", "hakuna" au wakaacha patupu. Linganisha na kabla ya programu kuanza. Kama idadi ya walioacha patupu ni ileile, ondoa neno "imefaulu" kwenye ukurasa wa kwanza, hata kama mfadhili anasubiri, hata kama wizara inasubiri, na urudi kuwauliza watu wazima wa shule ile kwa nini watoto hao hawakumtaja hata mmoja wao.